Moyo ya Mompere

Habari kwamba moyo wa Mompere Émile umekwisha ilimfikia Godefroid Kyembe nyuma ya nyumba yake huko Katuba, chini ya bati, akinyoosha ukingo wa karai kwa nyundo. Bati na nyundo vilikuwa vimemziba masikio. Aliyeleta habari alikuwa Ngosa, mtunza uwanja wa misheni, mtu mrefu asiyejua kusema polepole hata anapoungama dhambi zake. Alisimama nje ya ua, akanyoosha shingo, akapaza sauti mara moja tu.

« Baba Germaine, moyo ya Mompere inaisha. Anakuita mbio. »

Kisha akaondoka alivyokuja, kwani alikuwa ametumwa pia kutafuta grisi kwa fundi wa baiskeli. Laiti angebaki kidogo.

Godefroid aliiachia nyundo ikamwangukia mguuni na hata hakuisikia. Mompere Émile, padri wa misheni, ndiye aliyemfungisha ndoa, ndiye aliyembatiza binti yake Germaine, ndiye aliyemzika mama yake mvua ikinyesha wakati wengine wote walikuwa wamekimbilia mabarazani. Isitoshe alikuwa mzee, na kikohozi chake kilijulikana kuliko kengele ya kanisa. Godefroid akamwita mkewe, Honorine, aliyekuwa dirishani kwenye mashini yake ya kushonea. Honorine aliposikia alijitwika mikono kichwani, akatoa ukelele uliofungua milango yote ya avenue. Godefroid hajamaliza kufunga vifungo vya koti lake jeusi, wanawake walishajifunga vitambaa viunoni, na mtu mmoja alishaanza kuuliza nani ataleta kuni za kilio.

Basi waliondoka, Godefroid mbele na rozari mkononi, akina mama nyuma. Kila njia panda kundi lilinenepa. Aliyeuliza kuna nini alijibiwa kwamba padri yuko mahututi, na wa pili aliyeuliza akajibiwa kwamba amekwisha kufariki. Habari mbaya haina miguu lakini hushinda baiskeli, na ile ilivuka hadi mtaa wa Cité Albert kabla wao hawajafika misheni.

Walipoingia uani walimwona Mompere. Alikuwa amelala chali pembeni ya uwanja wa mpira, miguu miwili imetokeza kwenye majani marefu, haitikisiki. Hapo kilio kilipasuka sawasawa. Honorine alipiga magoti. Ndipo ile miguu ikajikunja, Mompere akajiviringisha kutoka chini ya mashini ya kukatia majani, uso mweusi kwa oili, akauliza kwa upole ni nani aliyekufa.

Mompere akamwona Godefroid, akafurahi, akamwonyesha kipande cha chuma kilicholiwa upande mmoja.

« Ni hii, Godefroid. Moyo. Unaona? Inaisha kabisa. »

Sasa, kama kuna mtu katika Elisabethville nzima aliyestahili kuelewa neno hilo tangu mwanzo, ni Godefroid mwenyewe. Katika karakana ya reli, alikofanya kazi tangu ujana, wazungu waliita *moyeu* ile sehemu ya katikati inayoshika mhimili wa kitu kinachozunguka. Neno lilimkwama kooni, akalifanya moyo. Moyo ya rota, moyo ya pompe, moyo ya feni. Wenzake wakalichukua, likatoka nje ya karakana, likafika hadi kwa mapadri na kwa Ngosa. Neno lile lilikuwa mtoto wake mwenyewe, na siku lilipokuja kumwita, baba hakulitambua.

Wanawake walifungua vitambaa viunoni, wakaanza kucheka, kwanza kwa staha kwa ajili ya padri, baadaye bila staha yoyote. Honorine peke yake hakucheka. Alijipangusa magoti, akamtazama mumewe, na Godefroid alijua kwamba hilo ndilo baya zaidi.

Mambo yangeishia kwenye kicheko kama asingetokea Antoine. Huyu alikuwa katibu wa chama cha mpira, Mkasai mwenye suruali iliyopigwa pasi na kauli iliyonyooka, mtu mwema, ila alipenda mambo yaende kwa utaratibu. Alikuja mbio kwa baiskeli kutoa pole. Alipomkuta marehemu anapangusa mikono kwa tambara, alimshukuru Mungu kwa dhati, halafu akakuna kichwa. Timu ya Cité Albert ilipopata habari ya msiba ilikuwa imejitolea mara moja mechi ya Jumapili ichezwe kwao, kwa heshima ya wafiwa, na chama kilikuwa kimekubali.

Godefroid akasema hakuna msiba, basi mechi irudi Katuba. Antoine akatazama uwanja, ambao majani yake yalimfika gotini, akatazama mashini iliyofumuliwa, akauliza kwa sauti ya chini wachezaji watautafuta mpira kwa tochi au vipi. Wakaelewana hivi: Jumamosi adhuhuri angerudi. Akikuta uwanja umekatwa, mechi ni ya Katuba. Akikuta kichaka, mechi inabaki Albert.

Anayedhani hilo ni jambo dogo hakuishi Elisabethville miaka ile. Viwanja vyenye majani vilikuwa mjini, kwa wazungu, na sisi wengine tuliviona kupitia matundu ya uzio. Katika cité, mitaa ya sisi Waafrika, watu walicheza juu ya udongo mwekundu na kokoto. Uwanja wa misheni ya Katuba ulikuwa wa kwanza. Wenyeji waliupanda wenyewe, shina moja moja, wanaume wakichimba baada ya kazi na wanawake wakimwagilia kwa ndoo, na Godefroid alikuwa amesimamia mistari kwa kamba kama mtu anayejenga kanisa kuu. Walingoja msimu mzima majani yashikane. Mechi ya Jumapili ilikuwa ya kwanza kuchezwa juu yake. Kuipeleka Albert kwa sababu ya sikio la mtu mmoja, tena lake, lilikuwa jambo ambalo Godefroid hakuweza kulimeza.

Wangekata kwa panga? Walishajaribu. Panga linaacha visiki vyenye ncha, na nusu ya timu ilicheza pekupeku. Mvua nayo ilikuwa ile ya Februari, majani unayapunguza huku na kule yanaota. Ilibaki mashini tu.

Waliibeba kwa toroli hadi Katuba, yeye na Ngosa, mtaa mzima ukiwapungia mikono na kuwapa pole za msiba. Godefroid alijibu kila utani kwa utani mwingine, maana hakuwa mtu wa kunyamazishwa, na moyoni alikwisha kuwaka. Alikuwa likizoni. Alikuwa na jiliwa, tupa za kila namna, keekee ya mkono, na mikono iliyokuwa ikiwasha kwa kukosa kazi. Kama angeambiwa achague kati ya likizo na mashini iliyoharibika, angechagua mashini na kumpa mwingine likizo.

Alipoipindua chini ya bati aliyaona yote mara moja. Ndani ya moyo kulikuwa na bage, kipete cha kuvaa mhimili, nacho kilikuwa kimelika hadi kubaki kama ganda. Basi kisu kikawa kinayumba, na kwa kuyumba kikawa kinagonga ile sahani kubwa ya chuma iliyokifunika, hadi kikaitoboa pembeni na kuipasua karibu na gurudumu. Ugonjwa mmoja ulikuwa umezaa mwingine. Sahani ilihitaji kiraka, na bage ilihitaji kuchongwa upya.

Kiraka hakikumsumbua. Chuma cha pipa ni chembamba, lakini alikuwa na beleshi la zamani lililovunjika mpini, chuma chake kigumu na tayari kimepinda kidogo, kana kwamba kilikuwa kinangoja. Alilikata, akalipasha moto, akalifuata umbo la sahani kwa nyundo mpaka vikalaliana bila mwanya. Kabla ya kutia ribiti alitoboa tundu dogo pale ufa ulipoishia, kwa sababu ufa usipozibiwa njia huendelea kutembea chini ya kiraka. Ngosa alishika, yeye akapiga, na kila ribiti ilipokaa Godefroid alisema « aya » kwa kuridhika, kama anayelaza watoto mmoja mmoja.

Tatizo lilikuwa bage. Kerezo la kuchongea alikuwa nalo, alilitengeneza mwenyewe, ila lilizungushwa na pedale ya mashini ya kushonea ya Honorine. Kwa kawaida aliikopa kwa maneno matamu. Siku ile maneno yote yalikuwa yamechacha. Honorine alikuwa ameketi mbele ya mashini yake, mguu juu ya pedale, amejaa kama mlango uliofungwa kwa komeo.

Godefroid alianza na habari za uwanja, akaenda kwenye heshima ya Katuba, akapitia kwa Bikira Maria. Honorine alimwacha amalize.

« Ulinililisha mbele ya avenue muzima, » akasema. « Nilipiga magoti juu ya muntu mwenye iko muzima. Pedale aitoki mu nyumba bila miye. Miye njo nitaikanyaga. Na nikisema simama, unasimama. »

Godefroid akakubali upesi, akijua kwamba amepata nafuu. Na kwa kweli alikuwa amepata zaidi ya nafuu, kwa sababu miguu ya Honorine, iliyoshona sare za shule za nusu ya Katuba, ilikuwa na mwendo usiotetereka.

Hapa ndipo Godefroid alipofanya kosa ambalo ni watu wa Katanga tu wanaoweza kulifanya. Jirani alimletea kipande cha shaba nyekundu, nzito, safi, ing'aayo. Godefroid alijua fika kwamba shaba tupu ni laini, haifai kusuguana na mhimili. Karakana ilishamfundisha. Lakini katika mji ule shaba ndiyo iliyojenga nyumba, ikalaza reli, ikatuleta sote kutoka tulikotoka. Kusema mbele za watu kwamba shaba haifai kwa jambo fulani kulikuwa kama kumtukana mkwe. Watu walikuwa wamejaa uani. Shaba ilikuwa inameta. Godefroid akasema hii itaishi kuliko sisi, akaifunga kwenye kerezo.

Na ikachongeka vizuri, shetani yule! Nyuzi nyekundu zilijiviringisha zikadondoka miguuni pake, Honorine akikanyaga, watu wakinong'ona. Ijumaa alasiri waliiwasha mashini hapo uani. Iliimba. Godefroid alifungua mikono kuwakaribisha wote washangilie, na ikabadili wimbo. Ikalia kwa sauti nyembamba, ukafuata mnuko wa kuungua, na kisu kikasimama ghafla. Walipoifumua, shaba ilikuwa imejipaka juu ya mhimili kama ugali wa bukari kwenye mwiko.

Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, wakijifanya wamekumbuka kazi. Godefroid alirusha tupa ukutani. Alitukana shaba, akatukana shimo ilikochimbwa na baba wa aliyeichimba, na alikuwa anaanza babu.

« Simama, » Honorine akasema.

Mapatano yalikuwa mapatano. Akasimama.

Honorine akamuuliza kinachotakiwa ni kitu gani hasa. Godefroid, akihema, akasema shaba ya njano, ile iliyochanganywa, ngumu, nene kama kifundo cha mkono wa mtoto, na katika Katuba nzima ukikipata kitu hicho leo Ijumaa mimi nitashona sare. Honorine akafikiri. Yeye alikuwa miongoni mwa wanawake waliosafisha kanisa. Nyuma ya kabati la sakristia, alisema, kilikuwako kinara cha mishumaa kilichoanguka wakati wa Pasaka kikakatika vipande viwili. Shina lake lilikuwa la njano na nene.

Walitazamana, na wote wawili waliogopa. Kitu cha altare, kilichobarikiwa, ukifunge kwenye kerezo ukikate? Godefroid aliyaona maisha yake ya baadaye, na hayakuwa mafupi, na yalikuwa na moto. Honorine alisema hatakanyaga pedale hata mara moja mpaka Mompere mwenyewe atamke. Wakaenda pamoja, hatua za haraka, na mvua ikaanza.

Mompere Émile aliwasikiliza, akakohoa kikohozi chake chote hadi mwisho, akaenda akarudi na vipande viwili.

« Kitu kikivunjika, baraka inatoka, » akasema. « Inabakia chuma tu. Mubebe, mukate, na musiogope. »

Honorine alimwomba aseme tena, asikie vizuri. Alikuwa ameamua siku hizi kutoamini sikio la mtu yeyote, hata lake. Mompere akasema tena.

Jumamosi kulipopambazuka walikuwa kazini. Mvua ilikuwa imekatika, bati linadondosha matone. Ile njano haikuchongeka kama shaba; ilitoa chembe kavu, fupi, zikiruka kila upande, na Godefroid alizipenda. Kila alipokaribia kipimo alisema « polepole », na Honorine akapunguza mwendo bila kuinua macho, kisha akaongeza kabla hajaombwa. Kwa muda mrefu haikusikika sauti nyingine ila pedale na chuma. Godefroid alijikuta anafurahi kupita kiasi. Alikuwa amefanya kazi na mafundi wa kila kabila, na mmoja wao alikuwa analala chumba kimoja naye miaka yote bila yeye kujua.

Bage ikaingia kwenye moyo kwa kugongwa kidogo na ubao. Mhimili ukaingia kwenye bage. Godefroid akakizungusha kisu kwa kidole kimoja. Kikaenda, kikaenda, bila kugusa popote, na kikasimama chenyewe kwa hiari yake. Alimpa Honorine naye akizungushe.

Kule uwanjani Ngosa alivuta kamba na mashini ikanguruma. Waliingojea ibadili wimbo. Haikubadili. Ngosa akaisukuma, na nyuma yake ukabaki mkanda wa kijani, sawa, laini, ukinukia utamu wa majani yaliyokatwa. Watu walianza kuja, kwanza wale waliokumbuka kazi jana. Walikuja na reki, na fagio, na magunia. Wachezaji wenyewe walikusanya majani kwa mikono. Ngosa alipochoka alishika mwingine, na Godefroid alikimbia kando ya mashini kila safari, ameinama, sikio kwenye sahani, anasikiliza kiraka chake, huku akipiga kelele za maelekezo ambayo hakuna aliyeyasikia.

Antoine alifika adhuhuri kama alivyoahidi. Aliegemeza baiskeli, akavuka uwanja kutoka goli hadi goli, mikono nyuma, mashini ikiendelea kunguruma. Kona moja ya mbali ilikuwa bado kichaka. Watu wote waliiona. Antoine alisimama akaigeuzia mgongo, akatazama upande wa pili kwa makini sana.

« Baba Godefroid, » akasema, « ba Albert batakuja kwenu. »

Kelele zilizofuata zilizima mashini, au pengine ni Ngosa aliyeizima ili aweze kurukaruka.

Jumapili baada ya misa hapakuwa na pa kuweka mguu kuzunguka uwanja. Watu wa Albert walikuja na ngoma zao, wakayatazama majani, wakanyamaza kidogo, na unyamavu huo Katuba iliunywa kama bia. Pigo la kwanza la mpira kwa kawaida hupewa mtu mkubwa. Mompere alikuwa apige yeye. Akasema goti halimruhusu, akamsukuma Godefroid katikati. Godefroid alikataa mara moja tu, kwa adabu, asije akaaminiwa. Akaingia na suruali yake ya kanisani na viatu alivyovipaka rangi, akarudi nyuma kuchukua mbio, akawapungia watu mkono, akaja kwa nguvu zake zote.

Viatu vilikuwa na soli laini na majani yalikuwa na umande wa mvua. Mguu wa kupiga ulipita juu ya mpira, mguu wa pili ukaufuata, na Godefroid Kyembe akateleza kwa magoti umbali wa kutosha mtu kusali Salamu Maria.

Vicheko vilianzia upande wa Albert vikazunguka uwanja mzima. Honorine alicheka hadi akashika bega la asiyemjua. Deni la magoti yake lilikuwa limelipwa mbele ya watu. Wachezaji walimkimbilia wamwinue. Godefroid akawazuia kwa mkono. Alikuwa amekaa chini, uso umebadilika, anakunja miguu ya suruali taratibu. Alikuja Elisabethville mtoto, nyuma ya baba yake aliyelaza reli, na tangu alipoanza kucheza mpira katika mji ule kila alipoanguka udongo uliondoka na ngozi ya magoti yake. Alipapasa goti la kulia, akapapasa la kushoto, akageuza kiganja akakitazama.

« Mama Germaine, » aliita, « kuja uangalie. Ata damu aiko. »

Refa alikuwa anamwomba atoke ili mechi ianze, ngoma zilikuwa zinapigwa, na yeye alikuwa bado ameketi palepale, anapitisha kiganja juu ya majani.